Maji ya Sabuni Kwenye Gari la Bibi Harusi

Wiki ile gari la Constantin lilioshwa mara tatu, na katika mara zote tatu hakuna aliyechungulia chini yake.

Lilioshwa Jumatano kwa ajili ya picha, maana ndilo lingempeleka kanisani Ornella, binti wa kaka yake. Likaoshwa Ijumaa kwa sababu Alhamisi mvua ilinyesha. Jumamosi asubuhi likaoshwa tena kwa sababu ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya ndoa. Taa zilisuguliwa kwa dawa ya meno. Honi ya zamani ilitolewa, ikawekwa ya sauti mbili, ile inayolia kama msafara wa mkubwa anayekimbia maswali. Riboni nyeupe zilifungwa kwenye vitasa vyote vinne, hata kile cha nyuma kushoto ambacho hakijafungua mlango tangu Ornella akiwa shule ya msingi. Na kwenye kioo cha mbele kulikuwa na kibandiko kipya cha kontroli, kijani, kinachosema kwamba gari limekaguliwa na ni zima. Constantin alikwenda kukichukua kwa miguu. Gari lilikuwa limebaki nyumbani.

Lilikuwa Carina la mwaka wa tisini na nne, usukani kulia, katika nchi ambayo watu wanaendesha upande wa kulia. Maana yake ni kwamba Constantin akitaka kulipita lori, lazima amuulize abiria wake kama mbele kuko salama. Abiria wengi hawajui kuendesha, lakini wote wana maoni. Hivyo ndivyo familia nzima ilivyosafiri miaka kumi na minne, na wakifika salama husema ni Mungu. Mungu mwenyewe hakuwahi kuulizwa kama anakubali kazi hiyo.

Adélaïde, mama wa bibi harusi, alikuwa na neno lake kuhusu mambo hayo, lakini hakuulizwa. Alikuwa fundi wa magari pale Panzi, mtaa wa Bukavu, mwanamke mwenye miaka hamsini na sita, mwenye mabega ya mtu wa soko na kucha zisizotakata hata kwa mawe. Watu walimwita Maman Fundi, wengine kwa heshima, wengine kwa kicheko. Hakuna aliyemfundisha kazi. Mumewe, Camille, alikuwa dereva wa lori la Kamituga. Miaka kumi na tisa iliyopita lori lilikosa breki kwenye mteremko, likaingia bondeni pamoja naye na magunia ya mchele. Adélaïde alikwenda kwa fundi mmoja mkubwa wa mjini kumuuliza breki ni kitu gani hasa, kwamba kinaweza kukosekana hivyo tu, kama chumvi. Yule fundi akacheka, akamwambia aende kulia kwanza. Adélaïde hakwenda kulia. Alitafuta gari bovu, akafungua gurudumu, akavunja vidole viwili, na baada ya mwezi alijua breki ni nini. Baada ya mwaka alijua na mengine.

Kutoka kwenye lile lori alileta nyumbani kitu kimoja. Kioo cha mbele hakikuvunjika, na juu yake kulikuwa na kibandiko kijani, kipya, cha siku kumi na moja. Alikibandua kwa wembe. Mpaka leo kiko kwenye kopo la nati na boliti, na kila mkubwa aliyewahi kutia mguu Panzi kuomba kura ameonyeshwa kibandiko hicho. Wakubwa wanabadilika. Kibandiko kinachapishwa kwa rangi ile ile.

Sasa, katika ukoo wa Camille, baba akifa, ndugu yake ndiye anayesimama mahali pake. Constantin alikuwa mdogo wake Camille, kwa hiyo yeye ndiye atakayempeleka Ornella kanisani Nyangezi, kwao bwana harusi, ndani ya gari lake, na yeye ndiye atakayemshika mkono mpaka mbele ya altare. Mama atafuata nyuma kwenye minibus pamoja na shangazi na masufuria. Ndivyo ilivyo, walimwambia. Na kulikuwa na sheria nyingine, ambayo haikutoka kwa mababu bali kwa Constantin mwenyewe: mwanamke asiguse gari lake. Kwa miaka kumi na minne fundi mzuri kuliko wote wa Panzi alikuwa shemeji yake, na yeye alikuwa akilitengeneza gari lake mwenyewe, kwa waya, kwa gundi na kwa ukaidi.

Saa mbili asubuhi uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa. Constantin, suti ya kijivu, viatu vyenye ncha, alifungua kapo, kifuniko cha injini, ili atie maji kwenye rejeta. Gari lake lilikunywa maji kama mgonjwa wa homa, na kitermostati, kile kidude kinachotunza joto la injini, alikwisha kuking'oa zamani, akisema ni kitu cha baridi ya Ulaya. Adélaïde alimwambia mara kumi kwamba Bukavu pia kuna baridi, kwamba injini isiyopata joto lake inakula essence, yaani petroli, na kujitafuna yenyewe. Mara kumi Constantin alimjibu kwamba gari linatembea.

Adélaïde alikuwa anapita na birika la chai. Akasimama.

"Shemeji, kapo iko wazi. Naweza angalia?"

"Kuangalia haina shida. Mikono tu njo ikae mbali."

Akaangalia. Pembeni, upande wa dereva, kuna kile kikopo cheupe cha plastiki ambacho ndani yake hukaa mafuta ya breki. Mafuta ya breki yakiwa mapya yana rangi ya asali nyepesi. Yakizeeka yanakuwa kama chai. Yale yaliyokuwa mle yalikuwa ya kijivu, na juu yake, kuzunguka ukuta wa kikopo, kulikuwa na mstari wa povu, kama ule unaobaki kwenye beseni baada ya kufua nguo za shule. Akainamisha pua.

"Constantin. Umeweka nini humu?"

"Mafuta."

"Mafuta gani inanukia kama mashuka ya hospitali?"

"Leo ni siku ya furaha, shemeji. Usianze."

Adélaïde aliweka birika chini. Akazunguka nyuma, akainama, akatazama upande wa ndani wa tairi la nyuma kushoto, upande ambao sponji haifiki. Kulikuwa na unyevu, michirizi mirefu kuteremka kwenye mpira. Gari lilikuwa limeoshwa, ni kweli, lakini upande mwingine palikuwa pamekauka.

Marie-Louise, dada mkubwa wa Constantin, mkuu wa mashangazi wote, alimwona. "Adélaïde, uko na kikwembe ya ndoa, unalala chini ya gari?"

"Niko nauliza tairi kitu, tantine."

"Na imekujibu?"

"Inasema iko nalia tangu zamani."

Wanawake wakacheka. Constantin hakucheka. Alifungua mlango wa dereva kwa adabu ya mtu anayetaka kuaibisha. "Ingia. Kanyaga breki wewe mwenyewe. Leo nakupa ruhusa, batu bote baone."

Adélaïde akaingia. Akakanyaga, akashikilia, akahesabu kimya hadi thelathini. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwenye gari zee anatakiwa kufanya kila asubuhi kabla ya kuwasha redio. Pedali ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali mafuta yanatoroka. Ilizama kidogo sana, labda upana wa kidole. Kwa yeyote asiyejua, ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Eh?" alisema Constantin.

"Iko ngumu sababu iko baridi."

"Breki ni breki. Inashika ao haishike."

"Kwenye muteremuko wa Nyangezi unazimaka injini?"

"Kila mutu anazimaka. Gari inajipeleka yenyewe. Unataka nichome essence bure kwa kitu Mungu alishainamisha?"

Na hapo ndipo Adélaïde aliposhuka garini kwa uchungu, kwa sababu ni kweli, kila mtu anazima. Kutoka Panzi hadi Kamanyola, ukikaa kando ya barabara, unasikia magari yakiteremka kimya kama wezi. Wanaozima wanaona ni werevu. Injini ikizimwa, lile kopo kubwa la hewa linalosaidia mguu kukanyaga breki linabaki na pumzi mbili au tatu, halafu kwisha, unakanyaga ubao. Gari likiwa halimo kwenye gia yoyote, hakuna kinacholizuia isipokuwa breki peke yake, kilomita baada ya kilomita. Breki inapata moto, na ule moto unaingia kwenye mafuta. Mafuta ya kweli yanavumilia, kwa sababu yametengenezwa kwa kazi hiyo. Maji hayavumilii. Maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke ni kama mto wa kulalia: unausukuma nao unakubali. Mguu unashuka hadi chini na haukuti kitu.

Alisema yote hayo pale uwanjani, kwa maneno machache zaidi, mikono kiunoni. Watu walimsikiliza namna wanavyosikiliza tangazo la redio la nchi nyingine.

"Shemeji," alisema Constantin, kwa sauti ya chini sasa, "juu bwana yako alikufa mu gari, unataka kila gari iue mutu."

Marie-Louise alitazama sahani alizokuwa anapanga.

Adélaïde alikwenda kwenye kisanduku chake cha vyombo, ambacho hubeba hata akienda misa, akachukua bomba la sindano lisilo na sindano na chupa ya mafuta ya breki ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Akavuta kiasi kidogo kutoka kwenye kikopo cha Carina, akatia kwenye kijiko. Kijiko cha pili akatia mafuta mapya. Halafu akaenda kwenye babula, pale makaa yalipokuwa yanapasha maziwa ya mashangazi, akaisukuma sufuria kando na kuchuchumaa, kijiko kimoja kila mkono.

"Njooni muone. Si karibu sana, hii ya kweli inashika moto ukizembea."

Walikuja. Sherehe ikiwa na kitu cha kutazama, mtu haulizi ni cha nini. Vijiko vilikaa juu ya makaa pamoja. Haikupita hata muda wa Baba Yetu moja. Kijiko cha kushoto kikaanza kutoa malengelenge madogo pembeni, halafu povu jeupe likapanda, likafurika juu ya makaa likifanya *shhh*, na uwanja mzima ukanukia nguo zinazofuliwa Jumatatu. Kijiko cha kulia kilikuwa kimetulia. Adélaïde akakitoa.

"Inachemka kama maziwa," alisema Marie-Louise polepole.

"Njo vile itachemka mu magurudumu, tantine. Na Ornella iko ndani, na riboni yake."

Sasa wote walimgeukia Constantin. Alijaribu kutabasamu. Alikunja mabega, alipangusa kitu ambacho hakikuwapo kwenye mkono wa koti.

"Ni maji ya sabuni kidogo tu. Nusu kopo. Mafuta ilikuwa inapunguka, nikaongeza. Munashangaa nini? Sabuni inateleza, haikaushe raba. Kule Kamituga tulifanyaka vile siku zote, porini, wapi utapata mafuta ya breki? Hata Camille..."

Akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa kwa neno moja.

Constantin alikuwa konvoyeur wa lile lori. Ndiye aliyekaa juu ya magunia, ndiye aliyeweka kigingi nyuma ya tairi likisimama. Safari ile ya mwisho aliteremka Mwenga kwa sababu ya homa, alisema, na lori likaendelea bila yeye. Miaka kumi na tisa Adélaïde alimshukuru Mungu kwamba angalau mmoja alibaki.

"Hata Camille nini?" aliuliza.

"Shemeji, mafuta ilikwisha njiani. Hakukuwa kitu. Yeye mwenyewe alisema weka."

"Sikuulizi nani alisema. Mukono ilikuwa ya nani?"

Constantin aliangalia viatu vyake vyenye ncha.

"Yangu."

Mtu anaweza kukaa na hasira miaka mingi na kuijua kama anavyojua ngazi za nyumba yake. Adélaïde aliijua yake. Alikuwa ameandika barua saba kwa maofisi. Alisimama na kadibodi kwenye mzunguko wa barabara mvua ikimpiga, peke yake, mpaka polisi mmoja alimhurumia akampa mwavuli. Alisema ni barabara, ambayo wakubwa waliikatia utepe mara tatu na kuilima mara sifuri. Alisema ni kibandiko, kilichouzwa kwa lori ambalo halikufunguliwa hata nati moja. Na hakukosea. Barabara ile iliua, kibandiko kile kilidanganya, na watu waliokula vyote viwili bado wana vitambi na vyeo. Lakini katika hotuba zake zote hakuwahi kutaja sabuni. Hakujua. Aliyejua alikuwa anakula kwake kila Noeli na kuomba aongezewe sombe.

Mashangazi walingoja. Wengine walingoja machozi, wengine kofi, na Marie-Louise alikuwa tayari ameshika mkono wa Constantin, haijulikani kama ni kumlinda au kumzuia asitoroke.

Adélaïde alitazama saa. Ilikuwa saa mbili na nusu. Misa ilikuwa saa tano.

"Kriki iko wapi?" alisema.

"Nini?"

"Kriki. Ya kuinua gari. Na mawe mawili ya kuzuia mbele. Wewe utashika chupa."

Hapo uwanja ukaamka. Wengine walisema tutafute gari lingine, lakini Jumamosi ya ndoa Bukavu nzima, kila gari lenye magurudumu manne tayari lina riboni za mtu mwingine. Minibus ilikuwa imejaa masufuria. Gentil, dereva wa minibus, alisikia yote hayo akiwa amekaa kwenye usukani, akashuka taratibu bila kuulizwa na mtu, akaenda kufungua kapo yake mwenyewe na kunusa.

Adélaïde alifunga kikwembe cha zamani juu ya kile cha ndoa, akalala chini. Akafungua ngoma ya breki ya nyuma kushoto. Ndani kulikuwa kama alivyotabiri: silinda ndogo imelowa, raba yake imevimba na kulegea kama sikio la mzee, na kutu mahali ambapo maji yamekaa. Alikuwa na raba ya saizi hiyo kwenye kisanduku, kwa sababu nusu ya Panzi inaendesha Carina na nusu nyingine inaisukuma. Akasugua silinda, akaweka raba mpya, akapangusa kila kitu.

"Mafuta ikipunguka," alisema kutoka chini, kwa sauti ya kuwafikia wote, maana fundi aliyelala chini ya gari haoni aibu ya kuhubiri, "hamuongezi kwanza. Munauliza kwanza imeenda wapi. Mafuta ya breki haina miguu. Haiendake kunywa kasiksi. Ikipunguka, kuna mahali inatokea ao pad zimekwisha. Na kila miaka mbili munaimwaga yote, hata kama ingali nzuri kwa macho, juu inakunywa maji ya hewa."

"Kila miaka mbili?" aliuliza Gentil kutoka kwenye kapo yake, kwa sauti ya mtu aliyepatikana na kosa.

"Wewe ya kwako iko na miaka ngapi?"

"Nilinunua gari nayo," alisema Gentil.

Halafu ilifika kazi ya kutoa maji yote na hewa yote kwenye mabomba. Hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa ndani akikanyaga, mwingine yuko chini akifungua na kufunga nati ndogo nyuma ya gurudumu. Yule wa ndani akiachia pedali kabla ya kuambiwa, hewa inaingia tena, na mnaanza upya. Constantin alikuwa ameshika chupa ya plastiki kwa mikono miwili. Marie-Louise alijaribu kukanyaga, akakanyaga klachi.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Ornella alitoka, nywele tayari, gauni jeupe tayari, shela mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirisha, kwa sababu nyumba za Panzi hazina siri na kuta zake ni za mbao. Alivua viatu, akawapa shangazi zake shela, akakunja gauni hadi magotini na kuingia upande wa dereva.

"Mutoto, gauni," alisema Marie-Louise.

"Gauni itafuliwa, tantine. Sabuni haikosekane hapa." Akaweka mguu wake mtupu kwenye pedali. "Maman, niko tayari."

Alikulia kwenye pedali. Tangu akiwa na miaka saba, miguu haifiki, alikaa kwenye ukingo wa viti vya magari ya wateja akimsaidia mama yake. Hakuna mtu mjini aliyejua kushikilia kama yeye.

"Kanyaga," ilisema sauti kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Tena. Tena. Shikilia."

"Nimeshikilia. Inashuka."

"Usiachie."

"Siachie, maman."

"Achia."

Maji ya kijivu yalitoka kwenye mpira mwembamba, yakiruka ruka na mapovu, yakaingia kwenye chupa aliyoshika Constantin. Walianza gurudumu la mbali zaidi na usukani, wakamalizia la karibu. Mara nyingi, tena na tena, mpaka pale ndani ya mpira ulipopita uzi wa rangi ya asali, safi, bila kiputo hata kimoja. Chupa ile ya mafuta na nyingine kutoka kisandukuni zilikwenda zote. Tone moja lilimponyoka Constantin likaanguka juu ya bodi ya gari lililooshwa mara tatu, na rangi ikaanza kukunjamana pale pale mbele ya macho yake. Akaishika chupa kwa nguvu zaidi.

Saa nne kasoro dakika kumi Adélaïde alitoka chini. Akakanyaga pedali mwenyewe, akahesabu hadi thelathini. Haikuzama. Alitoa mkono, kiganja juu, mweusi hadi kwenye kifundo.

"Funguo."

Constantin alitazama dada yake. Marie-Louise, mlinzi wa desturi zote, mwanamke ambaye aliwahi kusimamisha mahari kwa sababu ya mbuzi mmoja mwenye kilema, alitazama kile kijiko chenye povu lililokauka kando ya babula.

"Umupe," alisema.

Hivyo ndivyo Ornella alivyopelekwa na mama yake. Constantin alikaa nyuma, katika suti ya kijivu, na chupa ya maji ya kijivu magotini. Alipotaka kuitupa nje, Adélaïde alimtazama kwenye kioo.

"Shika."

Akashika. Barabara ilikuwa ile ile, mashimo yale yale, na kila shimo lilifanya chupa iruke, na Constantin alikuwa anaikumbatia kama mtoto wa mtu mwingine.

Juu ya mteremko, kabla gari halijainama, Adélaïde alishusha gia hadi ya pili. Injini ikapiga kelele, ikakamata gari kifuani, na tangu hapo mguu wake uligusa breki kwa vipande vifupi tu, kisha ukaiachia ipumue. Nyuma yao magari mengine yalikuwa yanapiga honi. Dereva mmoja aliwapita kimya, injini imezimwa, akiwapungia mkono kwa huruma.

"Maman, tunaenda kama kobe," alisema Ornella.

"Bwana yako atakimbia?"

"Luc? Ameshaandika mara sita. Anauliza kama nimebadilisha mawazo."

"Muandikie kwamba ulikuwa unatoa hewa."

Katikati ya mteremko, pale barabara inapopata sehemu tambarare, alisimamisha gari, akashuka, akaweka mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. La mbele lilikuwa na moto, la nyuma vuguvugu. Alingoja dakika tano. Hakumwaga maji juu yake, ingawa Constantin, kwa mazoea, alikuwa tayari anatafuta chupa nyingine. Ngoma ya moto ukiimwagia maji ya baridi inapasuka. Iache itulie yenyewe, kama mzee aliyekasirika. Minibus ilifika nyuma yao, gia ya pili, ikilia kama mbuzi, Gentil akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Mashangazi walikuwa wanaimba.

Adélaïde alirudi kwenye usukani, lakini hakuwasha mara moja.

"Constantin."

"Shemeji."

"Jumatatu utakuja kwangu. Utakaa kwenye jiwe la wateja, utaniambia safari ile yote. Kila mahali mulisimama. Kile alikula, kile alisema. Hautaruka kitu."

"Nitakuja."

"Na chupa uilete."

Wakafika kanisani saa tano na dakika ishirini. Mbele ya mlango kuna mteremko mfupi, mkali, unaoishia kwenye umati. Carina liliteremka polepole. Adélaïde akakanyaga, na likasimama pale pale alipotaka, pua yake hatua mbili kutoka kwa bwana harusi, ambaye alikuwa amekunjamana kwa wasiwasi kuliko koti lake.

Constantin alishuka. Alizunguka gari, akafungua mlango wa Ornella kwa mkono mmoja, chupa ikiwa katika mwingine, na akaanza kuukunja mkono wake namna baba wanavyoukunja. Ornella alitazama ule mkono. Aliangalia tu, muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, na Constantin akaukunjua. Akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji," alisema, "umupeleke wewe."

Adélaïde alivua kile kikwembe cha zamani. Chini yake cha ndoa kilikuwa na doa moja tu, la ukubwa wa kiganja. Akamshika binti yake mkono kwa vidole vyenye kucha nyeusi, wakaingia, na watu wa Nyangezi walikuwa na la kusema kwa mwezi mzima.

Baada ya misa padri alitoka kubariki magari, kwa sababu ndoa ikiisha watu wanataka kila kitu kibarikiwe, hata honi. Alipofika kwenye Carina akaomba kapo ifunguliwe. Alikuwa padri mkarimu wa mkono, na ndoo yake ilikuwa imejaa maji ya baraka. Akanyunyiza injini, akanyunyiza betri, akainua tena lile tawi lake lililolowa. Adélaïde akasogea, akafunika kikopo cheupe cha breki kwa kiganja chake.

"Huku hapana, padri," alisema. "Mu breki ya familia hii maji ilishaingia mara mbili."